Kulia Mbele za Mungu: Tumaini na Kukata Tamaa katika Nyimbo na Sanaa za Wayahudi

Kwaya za sharika zetu, kuanzia Mbagala na Tandika hadi Kimara na Kawe, zina vipaji vingi. Kila Jumapili tunasikia nyimbo za ushindi, za shukrani na za baraka zinazokuja. Nyimbo za huzuni tumeziachia msiba. Hata huko msibani, kaburi likishafukiwa tu, tunakuwa wepesi wa kumwambia mfiwa ajikaze, asilie sana, asije akaonekana hana imani.

Matokeo yake tunayajua sisi tunaotembelea nyumba za washirika. Mama aliyepoteza mtoto anaacha kuja ibadani, kwa sababu hawezi kupiga makofi. Kijana aliyetafuta kazi kwa miaka mingi anakaa benchi la nyuma akidhani ni yeye peke yake ndani ya kanisa aliyekata tamaa. Kanisa halikumfukuza mtu, lakini wimbo wetu haukuwa na nafasi yake.

Katika insha hii tunapenda kutazama historia ya watu waliotupa Zaburi, yaani Wayahudi. Hatuzungumzii siasa za mataifa ya leo. Tunazungumzia imani na kazi ya mikono na sauti ya watu ambao kwa karne nyingi wamepata misiba mikubwa, wakajifunza kuifanya misiba hiyo kuwa sala, wimbo na picha. Tutaanzia kwenye Biblia, tutapita mbali kidogo, kisha tutafika hapa jirani, Mbale nchini Uganda, mahali ambapo historia hiyo inagusana na yetu Watanzania.

Fundi aliyejazwa Roho

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, tunasoma habari za Bezaleli wa kabila la Yuda. Yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza katika Biblia kutajwa waziwazi kwamba wamejazwa Roho wa Mungu, naye hakuwa kuhani wala nabii. Alikuwa fundi. Alijua kufua dhahabu, fedha na shaba, kukata vito na kuchonga mbao. Roho alimjaza ili atengeneze vizuri.

Sheria ilikataza kuchonga sanamu za kuabudiwa. Kwa hiyo ubunifu wa Wayahudi ulikwenda zaidi kwenye maneno, sauti, nguo, vyombo vya ibada na uzuri wa herufi. Jambo hili lina maana katika mada yetu. Hekalu linaweza kuchomwa moto na vyombo vyake vikaporwa, lakini mtu anayechukuliwa mateka huenda na wimbo wake kichwani.

Huzuni iliyopangwa kwa herufi

Yerusalemu ilianguka mikononi mwa Wababeli karibu mwaka 587 kabla ya Kristo. Hekalu lilibomolewa, mfalme akachukuliwa, na watu wakapelekwa uhamishoni. Zaburi ya 137 inatueleza jinsi mateka hao walivyotundika vinubi vyao mitini, kwa kuwa hawakuweza kuimba katika nchi ya kigeni. Lakini tuangalie vizuri: maneno ya kusema kwamba hawawezi kuimba yenyewe yamekuwa wimbo, nasi tunao hadi leo.

Kitabu cha Maombolezo kinatufundisha zaidi. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22. Sura ya kwanza, ya pili na ya nne za kitabu hiki zina mistari 22 kila moja, na kila mstari unaanza na herufi inayofuata. Sura ya tatu ina mistari 66, yaani mitatu kwa kila herufi. Biblia yetu ya Kiswahili haiwezi kuuonyesha mpango huo, lakini msomaji wa Kiebrania huuona mara moja.

Kwa nini mtu ambaye mji wake umeteketea, na watoto wanakufa njaa barabarani, apange kilio chake kwa herufi? Sisi tunaona sababu mbili. Kwanza, ili kilio kiwe kamili na jambo lolote lisifichwe, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Pili, ili kilio kiwe na mpaka. Huzuni isiyo na umbo humzamisha mtu kama maji ya mafuriko. Huzuni iliyopewa mstari, herufi na sauti, mtu anaweza kuishika na kuipeleka mbele za Mungu.

Maneno mazuri ya tumaini tunayoyapenda, yale yanayosema kwamba rehema za Bwana ni mpya kila siku, yako katikati ya kitabu, katika sura ya tatu. Hayako mwishoni. Baada yake kilio kinaendelea. Sura ya tano ina mistari 22 vilevile, lakini haifuati tena herufi, kana kwamba mwandishi amechoka, na kitabu kinafungwa kwa hofu kwamba huenda Mungu amewakataa watu wake kabisa.

Wayahudi husoma kitabu hiki kila mwaka katika siku ya tisa ya mwezi wa Abu, siku ya kukumbuka kubomolewa kwa Hekalu. Hufunga, huketi chini, na husoma kwa sauti ya maombolezo. Wakifika mwisho huurudia mstari wa kabla ya ule wa mwisho, ambao ni ombi la kurudishwa kwa Bwana, ili wasiondoke na neno la kukataliwa masikioni mwao. Hawakuufuta mstari mgumu wala kuubadilisha. Wanausoma wote, kisha wanaomba tena.

Ukuta uliofukiwa udongo

Kando ya mto Frati, katika nchi ya Siria ya leo, palikuwa na mji ulioitwa Dura-Europos. Wayahudi wa mji huo walikuwa na sinagogi, na karibu mwaka 244 baada ya Kristo walilipamba kuta zake kwa picha nyingi za Biblia: mtoto Musa akitolewa mtoni, Eliya, Esta na wengineo. Mojawapo inaonyesha maono ya nabii Ezekieli, bonde la mifupa mikavu na watu wakiinuka kuwa hai.

Miaka michache baadaye, karibu mwaka 256, mji ulizingirwa na jeshi la Waajemi. Askari wa Kirumi waliokuwa wakiulinda waliimarisha ukuta wa mji kwa kujaza udongo ndani ya majengo yaliyoupakana, na sinagogi likiwamo. Mji ulianguka hata hivyo, wakazi wakatoweka, na sinagogi lile halikutumika tena. Lakini udongo ule ndio uliozihifadhi picha. Zilipofukuliwa mwaka 1932, zaidi ya miaka 1,600 baadaye, rangi zilikuwa bado zinaonekana. Picha ya ufufuo ililala kaburini muda wote huo.

Hatupendi kuigeuza habari hii kuwa somo jepesi. Waliochora hawakujua kwamba kazi yao ingefukuliwa. Walichora tu kile walichokiamini, katika mji wa mpakani, na adui hakuwa mbali.

Masanduku mawili

Kuna habari nyingine iliyo ngumu zaidi, nayo hatuna haki ya kuiruka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wanazi waliwakusanya Wayahudi wengi katika mji wa Terezín, karibu na Prague. Miongoni mwao alikuwa mwalimu wa sanaa, Friedl Dicker-Brandeis, mzaliwa wa Vienna. Yeye aliwafundisha watoto kuchora. Karatasi zilikuwa haba, wakatumia vipande vyovyote walivyopata. Walichora maua, nyumba, vipepeo, meza yenye chakula, na pia mambo waliyoyaona pale kambini.

Mwezi Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz, akauawa. Kabla ya kuondoka michoro ya watoto ilifichwa katika masanduku mawili. Ilikuwa karibu 4,500, na leo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Kiyahudi mjini Prague. Wengi wa watoto walioichora waliuawa.

Hapa imani inapaswa kunyamaza kidogo kabla ya kusema. Mchoro haukulizuia treni. Mtu akituambia kwamba ukiimba kwa imani matatizo yatakimbia, na tukumbuke watoto wa Terezín. Kazi ile iliwapa kitu kingine: mtoto aliyepewa namba alipewa pia nafasi ya kuandika jina lake chini ya picha aliyoifanya mwenyewe. Ndiyo maana majina mengi yanajulikana mpaka leo. Tumaini halikuwaokoa na kifo, lakini liliwazuia wauaji kuwafuta kana kwamba hawakuwahi kuishi.

Vilima vya Mbale

Sasa tuje karibu na nyumbani. Mashariki ya Uganda, chini ya Mlima Elgon, kuna jamii ya Wayahudi Waafrika waitwao Abayudaya, yaani Wayahudi kwa lugha ya Kiganda. Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, Mganda, kiongozi wa vita aliyejifunza kusoma Biblia kwa wamisionari wa Kiprotestanti. Aliwasaidia Waingereza kuitawala sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda, akitarajia kupewa ufalme. Hakupewa. Akajitenga, akazama katika kusoma Agano la Kale, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha Kiganda cha kuwaongoza wafuasi wake katika sala na sheria. Alifariki mwaka 1928.

Watu hawa hawakuwa na rabi wala fedha. Walikuwa na Biblia, na Zaburi waliziimba kwa lugha yao na kwa ghani zinazofanana na nyimbo za Kianglikana walizozizoea wazee wao. Kisha mwaka 1971 Idi Amin akatwaa madaraka, na dini yao ikapigwa marufuku. Masinagogi yalifungwa au kuharibiwa. Waliobaki walisali majumbani kwa siri, na wengi wakaingia Ukristo au Uislamu ili wapone. Inakadiriwa kwamba kutoka watu 3,000 hivi walibaki kama 300.

Wakristo nao waliteswa na utawala huohuo. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana aliuawa mwezi Februari 1977. Nasi Watanzania tunakumbuka Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalipovamia mkoa wa Kagera, wakaua, wakachoma nyumba na kupora mifugo. Katika sharika zetu wapo wazee waliokwenda vita ile, na zipo familia ambazo mtu wao hakurudi.

Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Ilikuwa Jumatano ya Juma Takatifu. Jioni ya siku hiyohiyo Pasaka ya Wayahudi ilikuwa inaanza, sikukuu ya kukumbuka kutoka Misri. Askari wetu kutoka Temeke au Tarime huenda hakujua hata kwamba kuna Wayahudi Uganda. Lakini Abayudaya waliuona wokovu huo kuwa umekuja kwa wakati wa Pasaka, na vijana wetu ndio waliolipa gharama yake pamoja na Waganda.

Lakini uhuru peke yake hauirudishi jamii iliyokwisha kukata tamaa. Wazee walikuwa wachache, na watoto walikuwa wamekua bila kujua sala. Miaka ya 1980 vijana wachache, wakiwamo Joab Jonadab Keki na Gershom Sizomu, walianza kukaa pamoja katika kilima cha Nabugoye, wakilima na kujifunza. Walichukua magitaa, wakazitungia Zaburi na sala za Sabato ghani mpya kwa Kiganda na Kiebrania. Kwa nyimbo hizo vijana wenzao wakaanza kurudi, na baada yao familia. Mwaka 2003 nyimbo zao zilitolewa katika albamu na Smithsonian Folkways ya Marekani, zilizorekodiwa na Jeffrey Summit, na albamu hiyo ikapendekezwa kuwania tuzo ya Grammy. Sizomu alikwenda kusoma Los Angeles, na mwaka 2008 akawekwa wakfu kuwa rabi.

Lipo pia jambo la kahawa. Mwaka 2004 Keki alizunguka kwa majirani zake Waislamu na Wakristo, akawaomba waanzishe pamoja ushirika wa kuuza kahawa. Waliuita Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Wakulima wa dini hizo tatu wametunga nyimbo juu ya kahawa yao na juu ya kuishi pamoja. Sisi tunaoishi Temeke, ukuta kwa ukuta na jirani zetu Waislamu, tunaweza kuielewa amani ya namna hiyo kuliko watu wengi duniani.

Deni letu sisi Walutheri

Hatuwezi kumaliza bila kusema neno juu ya nyumba yetu wenyewe. Martin Luther alizipenda Zaburi. Kutokana na Zaburi ya 130 alitunga wimbo wa toba uliochapwa mwaka 1524, ambao ni kilio cha mtu aliye shimoni anayemngojea Mungu. Mwili wake ulipokuwa ukirudishwa Wittenberg mwaka 1546, watu wa Halle waliuimba wimbo huo kwa machozi. Wimbo huo aliupata kwa Wayahudi.

Lakini Luther huyohuyo, mwaka 1543, aliandika kitabu cha chuki dhidi ya Wayahudi, akishauri masinagogi yao yachomwe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1938, siku ya kuzaliwa kwake, mamia ya masinagogi yalichomwa Ujerumani, na walikuwapo viongozi wa kanisa waliolishangilia jambo hilo kwa kulitaja jina lake. Watoto wa Terezín walitokea katika moto huo.

Kanisa letu halikulinyamazia jambo hili daima. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo KKKT ni mwanachama wake, lilikutana hapa Dar es Salaam mwaka 1977 na kumchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo. Mwaka uliofuata vita vya Amin viliingia katika mkoa wake mwenyewe. Mwaka 1984, katika Mkutano Mkuu wa Budapest uliohitimisha kipindi chake, Fungamano lilipokea tamko la kuyakataa maandiko ya Luther dhidi ya Wayahudi. Tunaposoma Zaburi ibadani tunasoma kwa deni. Kumheshimu Luther ni pamoja na kuikataa dhambi yake waziwazi, maana yeye mwenyewe alitufundisha kwamba mtakatifu ni mwenye dhambi bado.

Kwa sharika zetu

Je, haya yanatuhusu nini sisi wa pembezoni mwa jiji? Tumeyaona ya kwetu. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika kambi ya Mbagala, watu wakafa na nyumba zikabomoka. Desemba 2011 maji ya bonde la Msimbazi yalizibeba nyumba, na familia zikahamishiwa Mabwepande. Mbali na hayo kuna misiba midogo isiyotangazwa redioni: mkopo ulioshindikana, mimba iliyoharibika, ndoa iliyokufa kimya kimya. Kwa mambo kama hayo tulitoa mahema, unga na mablanketi, na tulifanya vema. Lakini ni nyimbo ngapi tulizozitunga ili watu wetu wapate kumlilia Mungu kwa maneno yao wenyewe?

Kuna mahubiri yanayowaambia watu kwamba huzuni ni upungufu wa imani. Historia tuliyoipitia inayakanusha. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na kuishia gizani, wala hakuna mstari wa furaha ulioongezwa mwishoni, na Mungu ameiacha ndani ya Neno lake. Mwandishi wa zaburi ile anamlaumu Mungu, lakini anamlaumu akiwa anasema naye. Aliyekata tamaa kabisa hasemi tena na mtu. Kwa hiyo maadamu mtu analia mbele za Mungu, hata kama halioni tumaini, tumaini lenyewe halijamwacha. Bwana wetu Yesu, ambaye ni Myahudi, alilia vivyo hivyo msalabani kwa maneno ya Zaburi ya 22. Alipokosa maneno ya kwake, alitumia yale aliyofundishwa tangu utotoni.

Basi tunawasihi waalimu wa kwaya na wazee wa kanisa. Kwaresima ijayo, pamoja na tenzi za Mwimbieni Bwana, kila kwaya itunge walau wimbo mmoja wa maombolezo. Kaeni na mfiwa mmoja, na kijana mmoja asiye na kazi, na mama mmoja aliyehamishwa na mafuriko, muwaulize wangependa kumwambia Mungu nini. Yaandikeni maneno yao jinsi yalivyo, bila kuyasafisha. Yapeni ghani ya kwetu. Wimbo ukiisha, msikimbilie shangwe. Acheni kimya kidogo, ndipo mchungaji aombe.

Vijana wa Nabugoye hawakuwa wanamuziki wakubwa walipoanza. Walikuwa na Zaburi, gitaa, na watu wachache waliochoka. Sisi tunazo Zaburi hizohizo, na waliochoka tunao pia, tena wengi kuliko wanavyoonekana siku ya Jumapili.